Lifti Itapita Chumbani Mwako

Gitega, Jumamosi alasiri

Goreti mwanangu,

Umekwenda kuwaaga wenzako wa kwaya na umesema utarudi kabla giza halijaingia. Kwa hiyo nina saa tatu hivi. Nazihitaji zote, maana kuna jambo ambalo nimeshindwa kulitamka tangu masika, na gari la Muyinga linaondoka kesho asubuhi.

Sitakuandikia habari za maji ya kuchemsha, wala namna ya kuishi na wenye nyumba, wala jinsi ya kumsalimu mkubwa wa kituo cha afya kule Mwakiro, huko Muyinga unakokwenda kuanza kazi. Wewe ni mkunga. Umewashika watoto wa watu kabla mama zao hawajawashika. Mambo ya kila siku unayajua kuliko mimi. Nitakuandikia habari za lifti.

Jana ulikuwa unakunja mashuka, umenipa mgongo. Ukasema, kama mtu anayeuliza bei ya vitunguu, "Baba, na nikiwaambia wanisubiri mpaka Pasaka?" Mimi nikanyamaza. Umezoea kunyamaza kwangu, unadhani ni kufikiri. Jana sikuwa nafikiri. Nilikuwa nangoja uamue mwenyewe kubaki, ili baadaye isije ikasemwa kwamba ni mimi niliyekuzuia.

Basi nianze na ngazi, kwa sababu bila ngazi lifti haieleweki.

Watu huniuliza kwa nini mwalimu mwenye akili zake alijenga nyumba ya orofa mbili juu ya stoo, halafu akaiwekea ngazi ya upana wa sentimita sitini na tano. Huwa nawajibu kwamba kiwanja ni chembamba. Hilo ni kweli, ila ni nusu ya ukweli. Tuliporudi kutoka ukimbizini Tanzania tulikuta shamba la babu yako kule Bukirasazi lina watu, wamezalia hapo, wamezika hapo. Tuligawana nusu kwa nusu, kisha nikawauzia na nusu yangu, maana sikuweza kulima huku natazamana na mlango uliokuwa wa mama yangu. Fedha ile ilitosha kipande hiki cha Gitega, upana wake hatua tisa. Penye hatua tisa huwezi kujenga kwenda pembeni. Unajenga kwenda juu.

Lakini ngazi ningeweza kuipa mita nzima. Fundi mwashi alikuwa ameshaichora mita nzima. Mimi ndiye niliyemfutia.

Nilikuwa na miaka tisa walipoingia kwetu, alfajiri. Nyumba ilikuwa ya chini, mlango mpana, na waliingia wote kwa pamoja. Zaidi ya hapo sitaandika. Kambini, miaka yote ile chini ya turubai, nilipokuwa nawafundisha watoto sehemu na desimali, kichwani nilikuwa najenga nyumba ambayo watu hawawezi kuingia wote kwa pamoja. Ngazi ya mtu mmoja, yenye kona mbili. Mimi na familia yangu tunalala juu, penye dirisha la kuona barabara. Nilipopata kiwanja, nyumba ilikuwa tayari imekwisha. Nilichofanya ni kuinakili tu.

Mama yako aliitazama ile ngazi zege likiwa bado bichi, akaniuliza, "Mume wangu, unajenga nyumba au mnara wa kengele?"

Nikamwambia ni usalama.

"Usalama wa nani? Kabati langu litapandaje?"

Kabati lilipandishwa kwa kamba kupitia dirishani, na mtaa mzima ulisimama barabarani kutazama. Wewe ulikuwa na miaka sita, ulipiga makofi. Tulicheka siku ile mpaka mama yako akakaa chini.

Sasa nitakuambia jambo la mama yako. Wakati ule ulikuwa chuoni, na nilikuambia alichelewa kufika hospitali kwa sababu ya mvua. Mvua ilikuwepo, na gari halikuweza kupanda matope ya huku kwetu. Lakini majirani walikuja upesi sana na ingobyi, kile kitanda cha kusuka ambacho wanaume wanne hubebea mgonjwa mabegani, na kila nyumba ina zamu yake. Leonidasi wa nyumba ya pili ndiye aliyekuwa mbele. Walipandisha ingobyi ikiwa imesimamishwa wima, wakamlaza mama yako, wakaanza kushuka. Kona ya kwanza walipita. Kona ya pili ikagoma. Walijaribu kuiinamisha, mama yako akalia kwa maumivu, wakarudi juu. Wakajaribu tena. Leonidasi aligeuka akanitazama, jasho linamtoka, akasema, "We Mwalimu, hii ngazi ulijengea kuku?"

Hakusema kwa ubaya. Ndivyo alivyo. Mwishowe alimfunga mama yako mgongoni kwa vitenge viwili, kama mtoto, akashuka naye akiwa ametazama ukuta, kidaraja kimoja kimoja. Karibu saa nzima ilikwisha pale ngazini. Daktari aliniambia saa moja isingebadilisha kitu. Ni mtu mwema yule daktari. Sijui alisema kweli au alinihurumia, na kwa miaka minne nimeogopa kumuuliza tena.

Baada ya jambo lile mtu mwingine angevunja ngazi. Mimi niliweka reli ya kushikilia. Reli ikala sentimita tano.

Kisha nikaanguka mimi, unajua. Nilipotoka hospitali na chuma kwenye nyonga, uliniuliza nitandikiwe wapi, chini au juu. Ulishafagia chumba cha mbele kule chini, alichokuwa akishonea mama yako. Nikasema juu. Leonidasi akanibeba mgongoni vidaraja vyote thelathini na vinne. Safari hii hakutania, na kule kutotania kwake kulinichoma zaidi.

Tangu hapo ni miezi saba. Nimeyahesabu mabati ya paa la jirani. Najua ni mbuzi wa nani anayepita saa ngapi. Kinyozi alipanda mara moja, akasema mara ya pili nimfuate. Padri alipanda, alipofika juu akaomba maji kabla hajaweza kunibariki. Kambini tulihitaji kibali ili kutoka nje ya mpaka, na nilikuwa nikiwachukia waliotoa vibali. Hapa hakuna askari wala mpaka. Aliyeninyima kibali ni mimi, kwa kipimo cha futi kamba, miaka kumi na nane iliyopita. Na wewe nimekufunga pamoja nami. Umepandisha maji, umepandisha uji, umeshusha beseni. Unafika kazini kwenye zahanati huku mabega yameshachoka. Sijakusikia ukilalamika, nami nilikuwa nafurahi kwamba hulalamiki, jambo ambalo leo linanitia aibu.

Wewe ndiye uliyetaja lifti kwanza. Ulinionyesha kwenye simu, lifti ndogo za nyumbani, ukasema, "Baba, hizi haziko kwenye mahoteli tu siku hizi." Nikaanza kusoma. Unanijua. Nikitaka kutenda jambo nalitenda. Nikitaka kulikwepa nalisoma.

Nilisoma vizuri lakini. Kile kiti kinachopanda kwa reli juu ya ngazi ndicho rahisi kuliko vyote, ila kinataka ngazi yenye upana, na yetu ingekibana na mtu wake kwenye kona. Ile ya bomba la kioo, inayopandishwa kwa hewa, haihitaji shimo wala chumba cha mashine, inakaa hata pembeni mwa sebule, lakini bei yake ni ya nyumba nyingine, na ikiharibika Gitega nani ataigusa? Inayosukumwa na mafuta ina nguvu na ni laini, ila inataka shimo chini na pampu pembeni, nasi hatuna pembeni. Ya kamba na winchi ndiyo ya bei nafuu, ile wanayopandishia mifuko ya mahindi kwenye maghala. Kamba ikikatika mfuko unapasuka, unazoa mahindi. Mtu huwezi kumzoa.

Iliyobaki ni ya skrubu. Katikati ya fremu ya chuma kuna skrubu ndefu kama mlingoti, haisogei. Jukwaa lina nati kubwa na mota yake, nati inazunguka, jukwaa linapanda polepole. Chini ya nati hiyo kuna nati ya pili ya akiba. Umeme ukikatika, na hapa utakatika, jukwaa linabaki pale pale lilipo, halianguki, na kuna mkono wa kuzungusha wa kukushusha mpaka mlango ulio karibu. Haina haraka. Lakini ni salama, na inakula sakafu ndogo kuliko kitanda.

Nilipofikia hapo nilimwita Shabani, yule mchomeleaji wa Muyinga, wa ukoo wa wafua vyuma wa pale sokoni. Ndiye aliyemtengenezea mfanyabiashara mmoja wa huko winchi ya ghala. Alikuja siku uliyokuwa zamu. Akapima, akagonga kuta kwa kidole, akaingia kila chumba, akarudi kwangu anafuta vumbi.

"Mwalimu, hapa iko inaingia vizuri," akasema. "Mita moja kwa mita moja na robo. Tunakata dali mbili, hizi sakafu za zege, tunasimamisha chuma, inajibeba yenyewe, ukuta hatugusi. Donc, yaani, ni huu mstari tu, kutoka stoo ya chini mpaka hapa kwenye vitabu vyako."

"Na katikati?" nikamuuliza, ingawa nilijua.

"Katikati ni chumba cha mtoto." Akacheka. "Mtoto yenyewe si iko mkubwa? Ataenda kwake. We utabaki na asanseri yako, unapanda na kushuka kama waziri."

Alikuwa hata na mashine. Binamu yake wa Dar es Salaam aliipata kwenye zahanati iliyokuwa inabomolewa, nzima, na bei haikuzidi akiba niliyoiweka ya kuezeka paa upya. Nilimpa chai, nikamwambia nitafikiri.

Jioni ulirudi ukaniuliza, "Fundi kasemaje?"

Nikakujibu, "Anasema nyumba hii haiwezi. Ni nyembamba mno."

Ndilo hilo, Goreti. Hilo ndilo nimeshindwa kulitamka. Fundi alisema inawezekana. Mimi nilikuambia haiwezekani.

Wiki ile ile Mwakiro walikuwa wamekupa nafasi. Uliwaandikia ujumbe mbele yangu, umeegemea fremu ya mlango, ukasema, "Basi, wataita mwingine." Kisha ukaniuliza kama nataka uji. Niliunywa ule uji.

Nimejiuliza sana kwa nini. Si kwamba nilitaka kuhudumiwa, ingawa anayehudumiwa huzoea. Ni kile chumba. Nimehama mara mbili katika maisha, na kila mara nilipoondoka mahali, chumba nilichokuwa nalala kilichukuliwa na mtu kabla godoro halijapoa. Nilikula kiapo kwamba wewe utakuwa na chumba ambacho hakuna atakayekigusa, hata ukiwa mbali, hata ukiwa na wajukuu. Na sasa mimi mwenyewe ndiye niliyetakiwa kuleta watu wa kukikata sakafu. Nikaona heri nibaki juu. Sikuona kwamba chumba chenye mtu asiyeweza kuondoka si chumba chake tena.

Mwakiro walipokupigia mara ya pili, wiki tatu zilizopita, nilikusikia kupitia sakafu. Ulisema "Asante" mara nyingi. Kisha ukaimba kidogo, wimbo wenu wa kwaya, sauti ya chini. Sijakusikia ukiimba ndani ya nyumba hii tangu mama yako. Kesho yake nilimpigia Shabani.

Vile vyuma vilivyoletwa Alhamisi, vilivyo stoo chini ya turubai, ulivyosema ni vizito mno kwa paa, si vya paa. Ni lifti. Mashine imekwisha kulipiwa. Hata hivyo, na hili uliandike mahali, jana ulipotaja Pasaka, lifti ikiwa tayari imo ndani ya nyumba, bado nilinyamaza. Nilidhani mtu akishanunua dawa amekwisha kupona.

Jumatatu Shabani na wenzake wanaanza kukata. Wataanza na sakafu ya chumba cha vitabu, kisha ya chumba chako. Nitakuwa bila sehemu ya kulala juu kwa wiki sita, pengine nane, vumbi na nondo tupu. Hiyo ndiyo bei yenyewe ambayo katalogi hazikuandika: ili nipate lifti, lazima kwanza nilale chini.

Sasa nikuambie ninapoandikia. Niko chini. Niko kwenye meza ya kukatia nguo ya mama yako.

Ulipotoka saa nane, Shabani alikuwa anangoja kwa Leonidasi. Nilimwambia sitaki kubebwa. Nikakaa kwenye kidaraja cha kwanza kama mtoto mchanga anayejifunza, nikateremka kwa makalio, yeye akiwa mbele yangu anashuka kinyumenyume, ameshika visigino vyangu.

"Taratibu, Mwalimu. Mi niko hapa. Ukianguka unaniangukia mimi, na mi niko mnene."

Kwenye kona ya pili nilitua. Ukutani kuna mkwaruzo wa mianzi ya ingobyi, mrefu, kwenye usawa wa bega. Sikuwahi kuukaribia hivyo nikiwa nimekaa. Shabani alinipa chupa ya maji, akatazama pembeni mpaka nilipokuwa tayari.

Leonidasi alikuwa chini ameshika mlango. "Mwalimu," akasema, "kumbe unajua njia."

Nikamwambia ngazi ile kweli niliijengea kuku. Akasema alishasahau habari hiyo. Hakuisahau, wala mimi. Lakini tulikaa naye hapa nje kwenye benchi, nikatazama barabara nikiwa kwenye usawa wake, na watu waliopita walinisalimia bila kuinua shingo. Mwanamke mmoja mwenye kapu la parachichi alinisalimia hata hanijui. Nilikuwa nimesahau kwamba huko chini watu wana macho.

Nina hofu. Sitakuficha, nimeficha ya kutosha. Sijalala kwenye chumba cha chini chenye mlango wa kuelekea barabarani tangu nilipokuwa na miaka tisa. Huenda leo nikakaa macho. Nimeshapanga nitasoma nini. Lakini hofu hii ni yangu, umri wake unakuzidi wewe mara mbili, na haina haki ya kukuchagulia kazi.

Siku moja utajenga. Usiniige, ila usinibishie kwa kila kitu pia: juu kuna upepo mzuri. Acha tu mahali patupu, mita moja kwa moja na robo, kutoka chini mpaka juu, hata kama hujui pa nini. Weka makabati kwanza. Mimi nilijenga nikimfikiria adui peke yake, na yeye hajawahi kuja hata siku moja. Waliopita pale kila siku ni mimi, na mama yako, na wewe na ndoo zako.

Ukija kutembea, utalala chumba cha juu. Mimi nitakuwa nimeamua wakati huo kama ni mtu wa juu au wa chini. Chumba chako hakitakuwepo; kwa wembamba wake, lifti ikishakaa pamoja na njia ya kuifikia, kitanda hakiingii tena. Kitakuwa chuma na mlango wa kusukuma. Nimejaribu kutafuta namna ya kuandika sentensi hiyo ikaonekana nzuri, sikuipata.

Barua hii nitakupa mkononi ukiingia, kwa sababu nikifungua kinywa nitasema mengine. Nitakuuliza kwaya ilikuwaje. Nitakuambia Pasaka si mbali. Usinisikilize. Wala usinibembeleze kwa ajili ya uongo ule. Ukiwa na hasira, nenda nayo Mwakiro, na uniandikie ukiwa nayo. Nitaisoma.

Shabani anasema lori lake linarudi Muyinga kesho na dereva wake, nyuma ya gari lenu, tupu, na kitanda chako kitaenea. Ni kitanda kizuri, cha mvule, usiwaache wakulaze kwenye kile cha kituo. Ukimaliza kusoma, panda ukakifungue kungali na mwanga. Kishushe ubao mmoja mmoja. Mimi nitakaa hapa kwenye kidaraja cha mwisho, nizipokee mbao.

Baba yako